Baba wa Majaribio

Nchi yenyewe siitaji. Nikiitaja, kuna watu watasema ni kwao, na mimi sina nguvu za kubishana na wageni. Ilikuwepo, tuseme hivyo tu. Na hilo la kuwepo ndilo lililowakosesha raha wakubwa wa huko, mpaka wakaliundia wizara nzima: Wizara ya Kuwepo na Kutokuwepo. Waziri wake alikuwa mtu wa maneno. Akikuamkia asubuhi, inabidi utafute kiti kwanza.

Basi wizara hiyo ikataka kila mwananchi awe kwenye simu. Si awe na simu, hapana, awe ndani yake. Ikaamriwa itengenezwe programu, ikaitwa Nipo. Ukienda zahanati, nesi anabonyeza jina lako, Nipo inasema upo, unapewa dawa. Ukitaka kuoa, shehe anabonyeza, padri anabonyeza. Isiposema, wewe hupo, hata kama umesimama pale unatoka jasho na umemkanyaga nesi mguu.

Aliyeitengeneza ni binti mmoja, Sikitu Mpangile. Mwembamba, mpole, hana neno na mtu. Kasoro yake moja: kila kitu kilichopinda alisema, "Nitarekebisha kesho." Hilo neno lishikeni, wajukuu zangu, mimi nikisahau mnikumbushe.

Mambo ya kompyuta mimi shule haikunifikisha, niliishia pale wanapoanza kugawanya. Lakini nilivyoelezwa ni hivi. Programu ina pande mbili. Upande mmoja kuna kiunzi. Kiunzi ni kama nyumba ya udongo ambayo wenzako wameshachimbia nguzo na kufunga fito, wewe unakuja na udongo wako unakandika. Upande wa pili kuna kanzidata, na hiyo ni ghala. Ila si ghala la kutupa magunia ovyo. Humo kila kitu kimeandikwa kwenye majedwali, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake, na jedwali hili limefungwa kamba na jedwali lile. Mtu kafungwa kwa baba yake, nyumba imefungwa kwa mtu, mbuzi kafungwa kwenye nyumba. Ukivuta mbuzi anakuja na ukoo wote. Kazi ya Sikitu ilikuwa kuunganisha kiunzi na ghala, viongee.

Sasa kiunzi kilikuwa mali ya Idara ya Kiunzi, upande huu wa barabara. Kanzidata ilikuwa mali ya Idara ya Kanzidata, upande ule. Na idara hizo zilikuwa hazisemezani tangu birika la chai lilipovuka barabara kwa kuazimwa likanogewa huko. Ili Sikitu asionekane kaegemea upande, wakamwekea kontena katikati ya barabara, pale panapopandwa maua. Magari yanapita kulia kwake, magari yanapita kushoto kwake, yeye anaandika programu.

Na kuunganisha kwenyewe, Mheshimiwa Waziri akasema kusifanywe kihuni. Kufanywe kwa posa. Washenga wakavuka barabara na sinia, wakakaa mkekani. Mkurugenzi wa Kanzidata, Bwana Ligunda, akasimama kama mzazi wa bibi harusi akatoa sharti.

"Binti yetu katoka nyumba ya adabu," akasema. "Hapokei mtoto asiye na baba. Akija na baba yake, karibu. Akija hivihivi, arudi alikotoka."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi wa Kiunzi, Bi Namsifu, hakutaka kuzidiwa, akasema na wao nyumbani kwao hawataki kuona yatima. Baba akifutwa, na walio chini yake wafutike, asibaki mtu ananing'inia. Makofi tena. Wakala pilau.

Sikitu akarudi kontenani akayaandika yote mawili kwenye mitambo, sharti la upande huu na sharti la upande ule. Na kupiga makofi alipiga, msidhani hakupiga.

*

Siku ya uzinduzi ilishapangwa na mabango yalishachapwa. Nchi ile bango likishachapwa hata mvua inangoja. Wakaanza kumimina watu ghalani, wilaya baada ya wilaya, na mambo yakaenda vizuri mpaka walipofika kwa wasio na baba.

Mnajua walivyo wengi hao? Kuna waliookotwa. Kuna waliokimbia vita wadogo, wakasahau hata jina la mto. Kuna ambao mama zao waliamua kunyamaza, na mwanamke akiamua kunyamaza hakuna serikali inayomfungua kinywa. Kila mmoja wao akifika mlangoni, ghala linamkataa na kompyuta ya Sikitu inawaka maandishi mekundu: baba hajulikani, rudi ulikotoka.

Akavuka upande huu. Bi Namsifu akamwambia sharti si lao, akaulize ng'ambo. Akavuka upande ule. Bwana Ligunda akamuuliza kama kwao wana desturi ya kuvunja masharti ya ndoa fungate halijaisha. Akaenda kwa Katibu wa Waziri. Katibu akasema Mheshimiwa ameshatangaza redioni kwamba wananchi wote wameingia, kwa hiyo wameingia.

Mchana ule bati la kontena lilikuwa linaungua. Sikitu akajifuta jasho, akaandika mstari mmoja. Jina: Jaribio. Kazi: Jaribio. Mahali alipozaliwa: hapahapa. Na kwa kuwa baba naye lazima awe na baba, akampa yeye mwenyewe ajizae. Jaribio, baba yake Jaribio. Halafu akachukua wale wote wasio na baba, akawafunga kwake kwa kamba moja.

Wekundu ukazimika. Ghala likawapokea wote, na adabu zake.

Mafundi wanafanya hivyo, nimeambiwa. Wanaweka mtu wa kujaribia, kazi ipite, kisha wanamtoa. Sikitu akasema, "Nitamtoa kesho." Kesho ikawa uzinduzi. Keshokutwa ikawa mapumziko ya uzinduzi. Baada ya hapo, nyie wenyewe mnajua kesho inavyokuwa.

*

Sikitu alipanga chumba kwa Bi Kuruthumu, mama mtu mzima mwenye presha na ulimi. Bi Kuruthumu aliokotwa mchanga, kwenye ngazi za kiwanda cha kuchambulia pamba, kafungwa kwenye kipande cha kanga. Mke wa mlinzi akamlea. Maisha yake yote aliitwa Kuruthumu wa Kiwandani, na alipokuwa msichana walimwimbia hilo jina uchochoroni, akawapiga mawe. Kwa Sikitu alikuwa bibi hasa. Asubuhi binti anaamkia shikamoo, bibi anaitikia marahaba, kisha anamuuliza mchumba kaishia wapi, au na yeye anamtafuta kwenye kompyuta.

Siku moja Sikitu katoka kazini, akamkuta uani hajavua hata viatu, mkate wa kumimina uko mezani na si sikukuu.

"Mjukuu wangu," akasema, "nina baba."

Sikitu akakaa.

Bi Kuruthumu akaeleza. Alikwenda kuchukua dawa zake za presha, nesi akabonyeza, akamsomea: baba yako anaitwa Jaribio. Akamwambia nesi rudia. Nesi akarudia. Bibi wa watu akaondoka mbio, dawa kaziacha kwenye meza.

"Na mimi nilivyokuwa naisema serikali hii," akasema. "Kumbe wenzangu wako kazini wananitafutia baba. Kula mkate."

Sikitu akaula. Mjue, mtu akimeza mwiba wa samaki, anameza na tonge juu yake ili ushuke, nao haushuki. Ndivyo ulivyokwenda ule mkate.

"Ila jina gani hilo," Bi Kuruthumu akasema. "Labda mama yake alizaa wakawa wanakufa, huyu wa mwisho akasema haya, tujaribu. Watu wa zamani walikuwa na majina hayo. Unafikiri yu hai?"

"Sijui, bibi," akasema Sikitu, na alikuwa anajua vizuri sana.

Bibi akahesabu kwa vidole, akaona kama yu hai basi ni mzee wa kubebwa, na mzee wa kubebwa anahitaji kofia. Akatoa kitambaa na sindano, aanze kofia ya mkono, ile ya vitundu. Kichwa cha kupimia hakikuwepo nyumba nzima ila cha Sikitu. Akamzungushia uzi kichwani, akakata. "Damu haipotei sana," akasema. "Kitakuwa hapohapo."

*

Mngeniuliza kwa nini hakwenda asubuhi yake akamtoa huyo Jaribio, yakaisha. Angetaka. Lakini sharti la Bi Namsifu lilikuwa palepale. Ukimfuta baba, wanakwenda wote walioko chini yake. Na Sikitu alishaona mtu aliyefutwa anavyokuwa.

Alikuwepo mzee mmoja, Kapalata, fundi baiskeli pale pembeni ya barabara yao. Karani alikosea kidole, akamfuta yeye badala ya mbwa wake. Basi. Asubuhi yake mkewe akampikia, lakini sahani akaiweka chini kando ya mlango, akisema anamwekea paka. Mbwa akaletewa kadi ya mpiga kura. Na sheria ya nchi ile ilikuwa wazi: salamu ya mtu asiyekuwepo haiitikiwi. Kwa hiyo mzee Kapalata akikaa na spana zake, akisema "Habari za asubuhi, jamani," watu wanatazama juu wanasema, "Upepo leo mwingi."

Sikitu naye alipita hapo kila siku. "Hujambo, mwanangu," mzee anamwambia, maana alikuwa anamwekea upepo baiskeli yake tangu alipohamia. Sikitu anaangalia viatu. Mara moja tu alisema, kwa sauti ya chini, "Upepo leo mwingi." Akaenda kontenani, akakaa, hakuandika kitu mpaka adhuhuri.

Sasa mchukue Bi Kuruthumu, mweke pale kwa mzee Kapalata. Hana dawa, hana baba, anaamkia watu na watu wanazungumza habari za upepo. Ndicho alichokuwa anakiona Sikitu kila akigusa ile kompyuta. Mkono unarudi.

Na mambo hayakukaa kimya. Watoto wa Jaribio wakaanza kutafutana. Wakajiundia chama, Ukoo wa Jaribio, na fulana za kijani, wakawa wanazikana na kuchezeana ngoma. Watu walioishi miaka yote bila hata shangazi wakawa na ndugu kila wilaya. Hilo lilikuwa zuri, na ndilo lililomuuma zaidi. Baya lilikuwepo pia: kijana wa kiwanda cha magodoro na binti muuza maua walifika kwa shehe wamevaa, watu wameshakaa, shehe akabonyeza Nipo, akafunga kitabu. Ndugu wa baba mmoja. Biriani ikagawiwa majirani, bibi harusi akarudi kwao na hina mikononi. Sikitu alikuwa mmoja wa waliopelekewa sahani.

*

Halafu serikali ikamgundua Jaribio.

Mheshimiwa Waziri aliletewa takwimu, akaona kuna raia mmoja ana watoto nchi nzima. Akaita redio, akaita televisheni, akapanda jukwaani. Hotuba ile walioisikia hawajaimaliza mpaka leo, ila kipande chake kilikuwa hiki.

"Ndugu wananchi," akasema, "wakati ninyi mna mtoto mmoja mnalalamika bei ya sukari, yuko mwenzenu, mzalendo, mnyenyekevu, aliyelea wilaya hadi wilaya wala hajapiga hodi serikalini hata mara moja. Huyo ndiye raia tunayemtaka. Raia asiyesumbua."

Ikatengenezwa nishani, Nishani ya Baba wa Kupigiwa Mfano, kubwa kama kifuniko cha sufuria. Mialiko ikatumwa hapahapa, maana ndiyo anwani aliyokuwa nayo. Siku ikafika. Bendi ikapiga, wageni wakasimama, kiti cha mbele kitupu. Bendi ikarudia. Bi Kuruthumu alikuwa mstari wa tatu na kofia yake kwenye mfuko, shingo ndefu kama twiga, anatazama kila mlango. Mwisho nishani ikavalishwa kiti. Bibi akarudi nyumbani, akamwambia Sikitu, "Labda miguu. Ukifika umri ule miguu inagoma."

Waziri yeye hakuwaza miguu. Kwake ile ilikuwa dharau. Jaribio akashtakiwa kwa kosa la kutohudhuria heshima yake mwenyewe. Akaitwa mahakamani, hakuja, likawa kosa la pili. Hukumu: afutwe. Afutwe uwanjani, mbele ya wananchi, kwa kidole gumba cha Mheshimiwa. Na amri ikateremka kontenani kwamba Sikitu aandae kitufe.

Hapo ndipo binti alipovaa gauni lake la heshima akaenda wizarani. Alikaa kwenye benchi mpaka wa chai wakapita na chai yao mara ya pili. Mwishowe akaingizwa.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu mtu hayupo."

"Tunajua hayupo. Ndilo kosa lake."

"Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi. Nilitaka kazi ipite, nikasema nitamtoa kesho. Makosa ni yangu."

Waziri akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayesema mwezi unamfuata.

"Binti," akasema, "kutokuwepo si udhuru. Wako wangapi hawapo, na wanapiga kura vizuri tu?"

Sikitu akamwambia kuna jambo kubwa zaidi. Kitufe kile kikibonyezwa, hafutiki Jaribio peke yake. Wanafutika wote waliofungwa kwake. Wazee, vijana, wenye mimba, wenye presha.

"Wote?"

"Wote, mheshimiwa. Ndilo sharti la harusi. Wasibaki yatima."

Waziri akaweka kalamu chini. Sikitu akadhani ameelewa. Kisha Waziri akamgeukia Katibu wake. "Andika kwenye hotuba," akasema, "kwamba siku hiyohiyo tutakuwa tumemaliza tatizo la yatima."

*

Akarudi nyumbani, akamkuta Bi Kuruthumu uani anamalizia kofia. Akamwambia, bibi, kuna jambo nataka kukuambia. Bibi akasema kama ni zuri aseme, kama ni baya angoje amalize tundu hili. Sikitu akangoja. Tundu likaisha, bibi akaanza jingine bila kuinua macho. Na jingine. Sikitu akaona ule uzi hauishi leo, akainuka.

Akaenda kumtafuta baba. Nasema kweli, alitafuta mwanaume mmoja, aliye hai, akubali kuandikwa pale pa Jaribio. Maana mstari ukishakuwa na mtu wa kweli, wa kusimama akaitika jina lake, kesi ya kutohudhuria inakufa. Akamwomba Bwana Ligunda. Bwana Ligunda akasema watoto anaojulikana nao wanamtosha, na asiojulikana nao anapenda wabaki hivyo. Akamwomba dereva wa Katibu, akacheka mpaka akaegemea gari. Akamwomba mwalimu mkuu, mtu wa dini, akamwambia jambo zuri sana, Mungu atamlipa atakayelifanya.

Basi akarudi kontenani, akafungua lile jedwali. Akaona jina moja tu lililobaki, na jina lenyewe lilikuwa lake.

Lakini Nipo haimpokei mtu mara mbili. Ili aingie pale pa Jaribio, ilibidi kwanza ajitoe alipokuwa, chini ya baba yake mzazi, mzee Mpangile, mkulima wa viazi huko nyanda za juu, aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hii kompyuta. Sikitu aliangalia ule mstari wa baba yake na ule wake chini yake, vimekaa pamoja kama viatu mlangoni. Magari yalikuwa yanapita kulia na kushoto. Akajifuta. Hakuna kilichoanguka naye, hakuwa na mtoto wala mbuzi.

Kisha palipoandikwa Jaribio akaandika Sikitu. Namba ileile, kamba zilezile, watoto walewale. Palipoandikwa baba yake nani, pakajigeuza penyewe pakasema Sikitu. Aliyewagawia watu baba, ikabidi akose wake. Mahali alipozaliwa hakupagusa. Pakabaki hapahapa.

*

Uwanja ulijaa. Fulana za kijani zilikaa upande mmoja, watu wamekuja kufutwa na chakula chao wamefunga, maana hotuba zilikuwa ndefu. Wengine walidhani baba yao ataletwa mwishoni. Bi Kuruthumu alikuwa amekaa mbele, amevaa baibui jipya. Mheshimiwa akahutubia, akanyoosha kidole gumba kamera zikione, akakishusha.

Kioo kikubwa kikasema: Jaribio hayupo.

Makofi. Bendi. Halafu mtu mmoja upande wa kijani akatoa simu yake, kwa woga, kama mtu anayejipapasa baada ya kuanguka. Akabonyeza. Akasema, "Mimi nipo." Wa pili akasema nipo. Ikawa nipo, nipo, nipo, uwanja mzima, bendi ikanyamaza.

Waziri akamgeukia Sikitu aliyekuwa kasimama nyuma ya mitambo. "Amekwenda wapi mshtakiwa?" akauliza, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Amekuja, mheshimiwa," akasema Sikitu. "Ni mimi."

Lakini yule Waziri, tumpe haki yake, hakuwahi kuishiwa maneno. Mwanasheria wake alimnong'oneza kwamba katika makabila mengi shangazi huitwa baba wa kike, kwa hiyo mila inaruhusu. Naye akakamata kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, serikali yenu ina mkono mrefu. Tulisema tutampata Bwana Jaribio. Tumempata. Na tumempata ni msichana."

Makofi yalitetemesha mabati. Nishani ikavuliwa kwenye kile kiti kitupu, kilicholetwa uwanjani kama kielelezo, ikavalishwa Sikitu, ikamvuta shingo mbele. Na kwa kuwa mtuhumiwa sasa alikuwa amehudhuria, hukumu ikabadilishwa palepale: asifutwe, ila afanye kazi aliyosifiwa nayo. Awe baba. Jumatatu yake kontena lilipakwa rangi, likaandikwa mlangoni: BABA. KARIBUNI KWA ZAMU.

Sikitu hakumtazama mtu wakati anashuka jukwaani. Alimtafuta Bi Kuruthumu kwa pembe ya jicho. Kiti kilikuwa kitupu.

*

Siku mbili bibi hakutoka chumbani. Sikitu alimpigia simu baba yake kule kwenye viazi. "Shikamoo, baba," akasema. Mzee Mpangile alikuwa mtu wa kufuata sheria, hata redio alikuwa anaizima akisikia adhana. Na Nipo ilishamwambia kwamba binti wa jina hilo hana.

"Upepo leo mwingi," mzee akasema. Halafu, polepole, akauliza, "Huo upepo umekula?"

"Umekula, baba."

"Haya."

Asubuhi ya Jumatatu akapita kwa mzee Kapalata. Mzee akasema hujambo mwanangu, kwa mazoea tu, spana mkononi. Sikitu akasimama, akasema, "Sijambo, mzee. Shikamoo." Mzee akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeamkiwa. Nyuma hapakuwa na mtu. Sikitu akamwambia avuke naye mpaka kontenani, kule amwandike mwanawe, sharti linataka baba tu, halikusema umri.

Foleni ilikuwa imeshajipanga, imeziba barabara. Kijana wa magodoro na yule wa maua walikuwa karibu na mlango, wanataka kujua kama baba anaweza kuwatofautisha damu. Kuna aliyetaka kumshtaki kaka yake wa juzi. Kuna mtu mzima, ana ndevu, alitaka agombezwe tu, hajawahi kugombezwa na baba.

Na mbele yao wote, kwenye kigoda alichokuja nacho, amekaa Bi Kuruthumu.

Sikitu akasimama mbele yake. Ile nishani ikamning'inia shingoni. "Bibi," akasema, "nilikudanganya. Hakuna mzee yeyote. Nilitaka wekundu uzimike, nikaandika jina la kujaribia. Halikunichukua muda wowote."

Bi Kuruthumu akamwangalia. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nililia," akasema. "Nikakulaani pia, kidogo. Halafu nikafikiri. Yule mke wa mlinzi hakunizaa. Alikuwa anapita na ndoo, akaona kitu kwenye ngazi, akaokota. Na yeye nadhani hakikumchukua muda."

Akafungua mfuko akatoa kofia. Matundu yote yalikuwa yamekwisha, meupe, yamenyooka. Akainuka kwa kushika mlango, akamvalisha binti. Ikaingia bila kusukumwa. Si aliipima hapo.

Kisha yule mama mtu mzima akarudi hatua moja, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, baba," akasema.

Sikitu akaishika ile kofia kwa mikono miwili. Foleni nzima ikatega sikio, upande huu wa barabara na upande ule. Magari yalikuwa yamesimama.

"Nina presha mimi," Bi Kuruthumu akasema bila kuinua kichwa. "Usinisimamishe. Mtu asipoitikiwa hapa kwetu unajua anakuwa nini."

"Marahaba," akasema Sikitu. "Marahaba, mwanangu. Umekunywa dawa?"